Inchi ya Mshono

Mpaka jana mchana lile gari lilikuwa na rangi tatu: boneti ya kijani, milango myeupe, na paa lililoachiwa kutu yake. Asubuhi ile ya Jumapili Sindano alisukuma geti la gereji, daftari kwapani, akasimama pale pale mdomo wazi. Gari lilikuwa la bluu. Bluu tupu, kuanzia pua hadi mkia, na jua la saa tatu lilikuwa limetandaza mwanga juu ya paa lake kama vile halina pengine pa kwenda.

"Lo!" akasema.

Alilizunguka taratibu, mkono karibu na bati lakini haligusi, kama mtu anayetazama kitambaa asichokuwa na uwezo wa kukinunua. Hili ndilo lile gari la kusambazia mikate? Mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita lilikuwa limeegeshwa nyuma ya duka la mwoka mikate, injini imekufa, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Nati, fundi wa gereji hii, alilinunua kwa bei ya kulitoa njiani tu. Mtaa mzima ukacheka, ukaliita Mkate, na jina likaganda. Tangu hapo alikuwa akiliokotezea viungo kimoja kimoja. Injini ilitoka kwenye gari lililogongwa nyuma. Bati la kukinga tumbo lilikatwa kwenye tangi bovu la maji. Mipira ya kuzuia matope nyuma ya magurudumu ilikuwa mkanda chakavu wa machimbo ya kokoto. Hata taa ndogo ya kusomea daftari, pale mbele ya kiti cha kushoto, ilikuwa taa ya cherehani ya Sindano mwenyewe, aliyoing'oa kwa mkono wake akasema, "Chukua, mimi nitashona dirishani."

Vitu viwili tu ndani ya Mkate havikuwa vya mtumba: mabomba ya chuma yaliyozungushwa ndani ili gari likibiringika lisiwabonde waliomo, na mikanda ya viti. Hapo Nati alikuwa amekataa katakata kubana pesa. "Injini nitaokoteza," alisema siku ile, "lakini kitakachokushika wewe hakiokotwi."

Sasa alikuwa amesimama karibu na benchi la vifaa, akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Alikuwa mrefu wa mikono, mfupi wa maneno, na mifuko yake daima ilijaa nati na bolti, kiasi kwamba ulimsikia kabla hujamwona.

"Umelipaka lini?" Sindano akauliza.

"Jana, ulipokwenda kwa wateja. Rangi ilikuwa imebaki kwa jamaa anayepaka milango ya maduka."

"Ni zuri, Nati. Ni zuri mpaka naogopa kuligusa."

"Liguse. Limekauka."

Akaweka kiganja juu ya boneti. Bati lilikuwa la uvuguvugu. Machozi yalimlengalenga Sindano, na hakuona aibu. Alikuwa ameshona magauni ya maharusi zaidi ya arobaini, lakini hakuna hata moja lililomtoa machozi. Leo gari la mikate linamliza!

Akamgeukia Nati ili acheke naye. Nati hakuwa akicheka. Alikuwa akitazama chini.

"Mbona hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Nati. Mtu akimaliza kazi ya mwaka mzima anaringa. Wewe umesimama kama aliyeletewa taarifa ya msiba."

Nati akakitupa kitambaa juu ya benchi. "Nimepata mtu wa kulinunua. Anakuja saa sita. Alisema atalitaka likiwa na rangi moja."

Kiganja cha Sindano kilikuwa bado juu ya boneti. Hakukiondoa.

"Sema tena."

"Baba yako alisema nichague," Nati akasema, na maneno yakaanza kumtoka kwa haraka, mtu ambaye kwa kawaida husema matatu kwa siku. "Posa niliyoleta, jibu lake lilikuwa hilo. Shangazi yako alikuja kuniambia: mzee anasema, gari au binti. Amenipa wiki mbili. Leo zinaisha, naye anakuja kuchukua jibu. Unataka nimwambie nini? Nimwambie nachukua gari?"

"Na mimi umeniuliza?"

"Nikuulize kama nakupenda kuliko bati?"

"Usinibembeleze sasa hivi! Umeniuliza? Mashindano ya magari, wewe usukani na mimi nikikusomea kona, ni baada ya wiki mbili. Nani alitembea ile barabara ya machimbo Jumapili nne na kalamu mkononi? Nani alipima mabomba haya? Hili gari ni lako peke yako?"

Nati akachungulia ndani ya gari. Alijua vizuri nani alipima mabomba.

Ilikuwa hivi. Futi ya chuma ya Nati ilikuwa haikunjiki vizuri kwenye pembe za ndani, kwa hiyo Sindano alichukua tepu yake ya kushonea, akaingia ndani ya gari, akapima paa, nguzo na sakafu, akiandika kwenye daftari lake la wateja, ukurasa unaofuata baada ya vipimo vya mke wa mwalimu. Na mkono, kwa mazoea yake, ukafanya ulichokuwa umefanya miaka yote: kila kipimo ukakiongezea inchi ya mshono, ile ziada inayoliwa nguo ikiunganishwa. Hakugundua. Nati naye hakugundua. Akakata mabomba yote kama yalivyoandikwa, na yalipokuwa yamelala sakafuni ndipo Sindano aliposhika kichwa. "Mama yangu! Nimeongeza mshono! Nati, nimekushonea gari!" Alilia. Pesa ya mabomba mengine haikuwapo, wala haikutarajiwa. Lakini Nati alichukua bomba la kwanza, akalichonga mdomo ili likumbatie bomba jingine vizuri kabla ya kuchomelewa, akalijaribu. Likakaa. La pili likakaa. Ndipo naye aliposhika kichwa, maana alikuwa amesahau kabisa kwamba kuchonga mdomo kunakula chuma. Bila ile inchi, mabomba yote yangekuwa mafupi, na bomba fupi ni la kutupa. Akaketi sakafuni akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye masizi ya mashavu yake, kisha akanyamaza, akamtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama, akasema, "Mimi nitakuoa wewe."

"Saa sita," Sindano akasema sasa, akijipangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Basi bado tuna saa tatu."

"Za nini?"

Hakupata muda wa kujibu. Geti liligongwa mara tatu, kwa mpangilio, ugongaji wa mtu asiyependa kukurupuka.

"Hodi humu."

Baba yake alikuwa ameendesha malori miaka thelathini na mmoja, na wenzake wote barabarani walimwita Themanini kwa sababu mshale wa spidi yake haukuwahi kuvuka namba hiyo, kwenye lami wala kwenye mteremko. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi kama anakwenda kortini. Nyuma yake alikuja shangazi, dada yake mdogo, mkoba begani, macho yakicheza kila kona.

"Shikamoo mzee. Shikamoo shangazi," Nati akasema.

"Marahaba," baba akajibu, kavu.

"Marahaba mwanangu," shangazi akasema. "Ala! Hili ndilo Mkate? Mbona limevaa kuliko mimi!"

"Hatukuja kutazama mavazi," baba akasema. Kweli hakulitazama gari. Macho yake yalilikwepa, na Sindano, aliyemjua, aliona jinsi yalivyofanya kazi ya kulikwepa. "Kijana. Nilikupa wiki mbili. Mimi si mtu wa maneno mengi, wewe naambiwa ni vilevile, kwa hiyo tutamaliza haraka. Nimekuja kuchukua jibu."

Nati akasimama wima. Nati za mfukoni zikalia mara moja, zikanyamaza. "Mzee, jibu langu ni kwamba..."

"Subiri," Sindano akasema.

Wote watatu wakamgeukia.

"Samahani sana, baba. Naomba niseme kabla hajajibu."

"Wewe sikukuuliza."

"Ndiyo maana nasema, baba. Hakuna aliyeniuliza. Wewe umemuuliza yeye, yeye amejibu mwenyewe moyoni, mnunuzi anakuja saa sita, na mimi nitaolewa na mwanaume aliyeuza nilichokijenga naye. Kila nikimtazama mezani nitaona gari. Ndivyo unavyonitakia?"

"Nakutakia uhai!" baba akasema, na sauti ikapanda ghafla hata shangazi akashika mkoba wake. Kisha ikashuka. "Nakutakia uhai tu, mama. Sijakuomba kingine."

Alipomwita *mama*, jina la utotoni, hasira ilimtoka Sindano. Alijua hofu hiyo ilitoka wapi. Baba hakuwahi kumsimulia, lakini shangazi alimsimulia zamani, jikoni, kwa sauti ya chini. Baba mdogo alikuwa taniboi, utingo wa lori la kaka yake, kijana mcheshi, kiti chake kikiwa kile cha kushoto. Siku moja waliingia kwenye vumbi la lori lililowatangulia, kona ikatokea ndani ya vumbi, na baba mdogo akapiga kelele, "Kaka, kona!" wakati kona ilikuwa imekwisha kuwafikia. Baba alitoka na mkwaruzo wa paji la uso. Baada ya mazishi aliking'oa kile kiti cha kushoto, akafunga mahali pake sanduku la mbao, na kwa miaka yote iliyobaki hakuna binadamu aliyekaa ubavuni pake. Sindano mwenyewe hakuwahi; utotoni alisafiri kwenye kitanda cha nyuma ya dereva. Hata walipokodi teksi, baba alimkalisha nyuma.

"Baba," akasema, "ni kiti cha pembeni unachokiogopa. Si gari."

Mzee akamtupia dada yake jicho la kuua. Shangazi akatazama dari kwa bidii.

"Haya, ni kiti," baba akasema hatimaye. "Utanicheka? Anayeendesha ana usukani wa kushika. Huyu wa pembeni anashika nini? Niambie. Anashika nini?"

Sindano akatoa daftari kwapani, lile la wateja, jalada limechakaa, kamba ya cherehani ikining'inia kama alama ya ukurasa.

"Anashika hili."

"Daftari."

"Barabara yote ya machimbo imo humu, kwenda na kurudi. Leo machimbo yamefungwa, hakuna lori hata moja, na mlinzi wa lango anatujua. Endesha wewe, baba. Mimi nikae kushoto. Kilomita nne kwenda, nne kurudi. Tukirudi ukasema hapana, Nati atauza gari na mimi sitafungua mdomo wangu kulitaja mpaka naingia kaburini. Haki ya Mungu."

Nati alikuwa amegeuka rangi. Baba alikuwa akitazama mikono yake, ile mikubwa yenye sugu ambazo kustaafu hakukuziondoa.

"Kaka," shangazi akasema taratibu, "miaka thelathini na mmoja. Umeogopa kilomita nane?"

"Nyamaza wewe."

"Nimenyamaza. Nauliza tu."

Baba akavua kofia yake, akampa dada yake aishike. "Nani ana funguo?"

*

Langoni mwa machimbo, Nati alimfunga mkwe wake mtarajiwa mikanda mitano, akikagua kila kifungo mara mbili, maana si kila siku mtu anamfunga kamba mzee anayemposea binti. Akamvika helmeti, akaunganisha waya. Vipaza sauti vya ndani ya helmeti alivitoa kwenye simu mbovu za mezani, na vilikwaruza kidogo, lakini sauti ilipita.

"Unanisikia, baba?"

Baba akashtuka. Sauti ya binti yake ilikuwa ndani ya masikio yake, karibu kuliko ilivyowahi kuwa. "Nakusikia."

"Nikwambie lugha yangu. Wengine huzitaja kona kwa namba. Mimi namba zilinichanganya, gari linatikisika, nasahau tatu ni kali au nne. Lakini mipindo ya nguo naijua. Kola ni kona pana, ya kupita bila wasiwasi. Kwapa ni kona kali. Kiwiko, unageuka karibu urudi ulikotoka. Marinda ni kona ndogondogo zinazofuatana. Na mfuko ni shimo."

"Kola, kwapa, kiwiko," baba akarudia. "Miaka thelathini na mmoja, nije nifundishwe barabara na cherehani."

Lakini aliingiza gia, na Mkate ukaondoka.

Sindano alitarajia baba aendeshe kama mzee anayesindikiza arusi. Kilomita ya kwanza ndivyo ilivyokuwa. "Mita mia, kola kulia," akasoma, na baba akaupitisha Mkate kwenye kola kana kwamba umebeba mayai. "Hamsini, kwapa kushoto, linabana." Baba akakanyaga breki mapema, akapita. Kisha kitu kikatokea. Alikuwa ameanza kulisikia gari. Sindano aliiona mikono ile ikiacha kuukamata usukani na kuanza kuushika tu, vidole vikiongea nao. Mabega yakashuka. Gia ikaingia bila sauti. Kwenye marinda matatu, baba aliligeuza gari kulia, kushoto, kulia, kwa mwendo mmoja usio na mkatiko, na Sindano akasahau kusoma mstari uliofuata.

Hakuwahi kumwona. Hilo ndilo lililomjia, na likampiga kifuani. Miaka yote hii alikuwa akiona kisogo tu. Hakujua kwamba baba yake, mzee wa kulalamika chumvi na kutafuta miwani, alikuwa fundi wa kiasi hiki. Alikuwa kama wale washonaji wawili watatu tu ambao ukiwatazama wakikata kitambaa bila kuchora unanyamaza kwa heshima.

"Mbona umenyamaza?" baba akauliza.

"Samahani. Mia na hamsini, moja kwa moja, halafu kiwiko kulia."

Kwenye ile mia na hamsini, mshale wa spidi ulipanda. Sindano aliutazama kwa pembe ya jicho. Sabini na tano. Themanini. Themanini na nane. Akarudisha macho kwenye daftari, akafunga mdomo.

"Unaniambia mapema mno," baba akalalamika walipogeuza gari mwisho wa barabara, chini ya ukuta mkubwa wa mawe yaliyochongwa. "Kona bado ipo kule, wewe umeshaimaliza. Mtu anaanza kushika breki bure."

"Ni inchi ya mshono, baba."

"Nini?"

"Naisoma kabla kidogo ya inavyotakiwa. Nguo ikizidi unapunguza. Ikipungua, hakuna la kufanya. Mkono wangu hauwezi vingine, hata nikiukataza. Muulize Nati."

Baba akaguna. Akaingiza gia ya kwanza.

Hawakuwa wamefikiria upepo. Asubuhi ile haukuwapo hata wa kutikisa uzi. Vumbi jeupe walilolipandisha wakati wa kwenda lilikuwa halijakwenda popote, lilikuwa limekaa tu katikati ya kuta mbili za mawe zilizoibana barabara. Mkate ulitoka kwenye marinda wakati wa kurudi ukaingia ndani yake, na kioo cha mbele kikageuka karatasi.

"Mungu wangu," baba akasema.

Sauti ile Sindano hakuijua. Ilikuwa nyembamba. Gari lilikuwa bado likienda, na kushoto kwao kulikuwa na ukuta na kulia mtaro. Akausikia mguu wa baba ukiitafuta breki, na akajua ni vumbi gani hasa baba alilokuwa akiliona. Halikuwa hili.

"Baba, nisikilize mimi," akasema. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Usitazame nje. Hakuna kitu nje. Nisikilize. Sitini, nyoosha. Unyooshe hivyo hivyo. Sasa mfuko katikati, kaa kushoto kidogo. Kidogo. Hapo."

Gurudumu likapita pembeni mwa shimo. Walilisikia, hawakuliona.

"Kwapa kulia inakuja. Bado. Punguza. Anza kuzungusha sasa."

"Sioni!"

"Mimi naiona, baba. Ipo hapa nimeishika. Zungusha."

Akazungusha. Kwenye dirisha la Sindano ukuta wa mawe ulitokea ndani ya weupe, karibu kabisa, ukawapitia polepole kama mtu anayewapisha mlangoni, ukapotea. Gari lilikuwa katikati ya barabara.

"Nyoosha. Hamsini. Kola kushoto, ya mwisho. Kushoto. Endelea. Kushoto. Umetoka."

Na wakatoka. Vumbi likafunguka ghafla, jua likaingia ndani ya gari lote, na mbele yao kulikuwa na lango, mlinzi ameshika kiuno, shangazi akipunga kofia ya kaka yake, na Nati amesimama katikati ya barabara mikono kichwani. Ndani ya gari injini ilikuwa imepata moto, na kulikuwa na harufu ya mkate.

Baba alisimamisha gari mbali nao kidogo. Akazima. Hakufungua mkanda. Mikono ilibaki juu ya usukani, na Sindano aliona matone yakidondoka kwenye shati lile lililopigwa pasi, moja, halafu jingine.

"Mdogo wangu," baba akasema, "hakuwa na daftari."

"Hapana, baba."

"Aliiona ile kona pale pale nilipoiona mimi. Sikuwahi kulifikiria hilo. Miaka yote nilijiuliza kwa nini hakuniambia mapema. Nilimlaumu, mama. Nimemlaumu maiti." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Maskini. Hakuwa na kitu cha kuniambia."

Sindano alinyoosha mkono, akaushika mkono wa baba yake pale pale juu ya usukani. Hakuwahi kuufikia kutoka upande ule. Ulikuwa mzito na wa moto. Wakakaa hivyo mpaka Nati alipofika anakimbia, nati zikilia mifukoni, akainama dirishani akihema.

"Mzee? Mko salama? Nililiona vumbi... nilidhani..." Macho yake yalikuwa kwa Sindano, yakimkagua kichwa mpaka viatu, na yalipomaliza kumkagua yalibaki kwake, na hayakuona haya kubaki mbele ya baba mtu. Sindano naye hakuyakwepa.

Baba akajifungua mikanda, akatoka polepole. Shangazi alikuwa amefika, pumzi juu juu.

"Mlikwenda spidi ngapi, kaka?"

"Themanini."

Sindano akafungua daftari, akaanza kulisoma kwa makini sana, ukurasa wa mke wa mwalimu.

Mzee akalizunguka gari, safari hii akilitazama. Akaingiza mkono ndani, akalishika bomba lililo juu ya kiti cha kushoto, akalivuta kwa nguvu zake zote, kama anataka kuling'oa. Halikutikisika. Akaupapasa mshono wa kuchomelea kwa kidole gumba, mbele na nyuma.

"Gari lako linavuta kushoto," akamwambia Nati.

"Ndiyo, mzee. Springi ya kushoto ni ya gari jingine. Nilikuwa nasubiri nipate..."

"Usisubiri. Kushoto ndiko anakokaa mwanangu."

Nati akaitikia kwa kichwa, mara tatu. Shangazi alipiga kigelegele kimoja kifupi, akakikata katikati kwa mkono, maana kaka yake alikuwa bado hajamaliza.

"Huyo mtu wako wa saa sita, mwambie asijisumbue. Na Jumamosi njoo nyumbani na watu wako, tuzungumze kama watu wazima."

"Saa ngapi, mzee?" Nati akauliza.

Baba alichukua kofia yake kwa shangazi, akaikung'uta vumbi, akaivaa. Kisha akamtazama binti yake, aliyekuwa bado amefungwa kwenye kiti cha kushoto, na uso wake ukalainika namna ambayo Sindano hakuwahi kuiona.

"Saa nne," akasema. "Lakini njooni saa tatu. Inchi ya mshono."